Ruzuku Si Riziki: Orodha na Ibandikwe

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mficha uchi hazai. Methali hii inaafiki mno hali ya mbolea ya ruzuku humu nchini Kenya.

Mnamo Septemba 2022 Serikali ilipunguza bei ya mfuko wa kilo 50 kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500. Mwaka wa 2023 ikaishusha tena hadi 2,500. Pengo hilo la bei halizibwi na malaika. Huzibwa na hazina ya umma, yaani kodi ya mama mboga, ya utingo wa matatu na ya mkulima mwenyewe. Isitoshe, wakulima walisajiliwa, na waliostahili wakatumiwa arafa za kuchukulia mifuko yao. Basi orodha ipo. Mbona hatuioni?

Nadhani neno lenyewe limetuhadaa. Ruzuku na riziki zimetoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu. Riziki hutoka kwa Mola, na si adabu mja kuhoji alichojaliwa mwenzake. Maana hiyo imeinyemelea ruzuku: mkulima hupokea, hushukuru, hunyamaza. Lakini ruzuku ni fedha za umma, na fedha za umma zina hesabu.

Tukumbuke sakata ya mahindi ya mwaka wa 2018. Serikali ilikuwa ikinunua gunia la kilo 90 kwa shilingi 3,200, bei iliyonuiwa kumkinga mkulima. Wafanyabiashara wakajipenyeza, wakalipwa mamilioni, ilhali mkulima halisi akisubiri malipo yake. Kamati za Bunge zilipoulizia waliolipwa, fedha zilikuwa zimekwisha kutoka. Orodha inayofichuliwa baada ya wizi ni tanzia tu. Inayobandikwa mapema ni kinga.

Wapo watakaodai kwamba jina la mkulima ni siri yake, na kwamba tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019. Hoja hii ina uzito. Huko Ulaya, mnamo Novemba 2010, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilibatilisha kanuni za kutangaza majina ya watu binafsi waliopokea fedha za kilimo, kwa kuwa hazikutofautisha aliyepata kidogo na aliyepata kingi. Hata hivyo, Umoja huo haukulifunga daftari. Mwaka wa 2013 ulitunga kanuni mpya: majina yatangazwe, isipokuwa ya wanaopokea kiasi kidogo, ambacho kwa nchi nyingi kiliwekewa kikomo cha yuro 1,250.

Nasi twaweza kupima vivyo hivyo. Mwenye mifuko miwili astiriwe. Aliyebeba mamia atajwe kwa jina. Jumla ya mifuko iliyofika katika kila wadi ibandikwe penye ghala na penye ofisi ya chifu, tena kwa Kiswahili, ili ajuza asiyejua Kiingereza aweze kusomewa na mjukuu wake na kuuliza, "Mifuko hii ilishukia wapi?"

Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na Sheria ya mwaka wa 2016 ikafafanua njia ya kuzipata. Kwa hivyo hatuombi hisani. Twadai hesabu ya kilicho chetu.