Watoto Wasidanganywe!

Wako watu, ndugu wasomaji, wasemao kwamba kitabu cha mtoto kiwe na sungura na maua tu, kisitaje askari, jela wala mpaka. Eti mtoto ataogopa. Sisi tuliosomea ualimu tunasema wazi wazi: hayo ni maneno ya mwenye jambo la kuficha.

Mtazameni Edwidge Danticat. Alizaliwa Port-au-Prince, Haiti, mwaka 1969. Alipokuwa na miaka miwili baba yake alikwenda New York. Alipotimiza minne, mama naye akamfuata mumewe. Mtoto akalelewa na baba yake mkubwa hata mwaka 1981, alipowafuata wazazi wake huko Brooklyn, naye ana miaka 12. Basi nani atamfundisha mwanamke huyu yale ambayo watoto hawayawezi?

Huyo amewaandikia watoto na vijana bila kuwaficha. Katika Anacaona (2005) wanasoma habari za malkia wa Wataino, ambaye Wahispania walimnyonga. Katika Eight Days (2010) mtoto amefukiwa na kifusi cha tetemeko la Januari 2010 kwa siku nane, na humo gizani anacheza kwa mawazo yake. Katika Mama's Nightingale (2015) mama wa mtoto Saya amefungwa Marekani. Hakuiba, hakuua; hana karatasi tu. Anamtumia mwanawe hadithi katika kaseti. Baba anaandika barua kwa wakubwa na magazeti, hajibiwi. Ndipo Saya mwenyewe anaandika. Gazeti linachapa, watu wanapiga kelele, hakimu anamruhusu mama arudi nyumbani.

Mmeona, ndugu? Maneno ya mtoto yamefungua mlango wa jela. Hapo ndipo wanapoogopa hao watetezi wa maua! Hawamwogopei mtoto, wanaogopa asije akauliza.

Mwaka 2018 serikali ya Marekani iliwatenganisha watoto zaidi ya 2,000 na wazazi wao mpakani mwa Meksiko. Je, waliwauliza kwanza kama wataogopa? Mtoto aliyenyang'anywa mama anaijua jela kabla hajajua kusoma. Kitabu hakimletei hofu. Kinamwambia kwamba hayuko peke yake. Na yule ambaye mama yake yuko jikoni anajifunza kumwonea uchungu mwenziwe.

Haiti yenyewe ni hadithi isiyosimulika kwa maua. Watumwa walivunja minyororo na kutangaza uhuru mwaka 1804. Mwaka 1825 Ufaransa ikaleta manowari, ikadai faranga milioni 150: aliyetumikishwa amlipe aliyemtumikisha! Ukimficha mtoto deni hilo, atakua akidhani umaskini wa Haiti ni uvivu wa Wahaiti.

Msimuliaji wa Haiti huuliza, "Krik?" na wasikilizaji huitika, "Krak!" Sisi husema "Paukwa!" na watoto wetu huitika "Pakawa!" Mtoto akiisha itika, amekupa sikio lake na imani yake. Kumlaghai hapo ni khiana.

Walimu, wazazi, waandishi wetu: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Leeni watoto kwa hadithi tamu, lakini ziwe za kweli. Taifa la watu wasiouliza halikai huru.