Eabegi bila mkanda ni kazi nusu

Samahani kwa kimya cha wiki mbili, kazi ilinibana. Leo naacha mambo ya kompyuta kidogo, ingawa mtaona hatuendi mbali nayo.

Wiki jana nilitoka Keroka kwenda Nyamira mjini. Wenyeji wa huku mnajua usafiri wetu ni Probox, gari ambalo Toyota waliliingiza sokoni mwaka 2002 likiwa gari la kazi. Tulikuwa tisa, na mmoja alikalia kiti kimoja na dereva. Mimi nilikuwa mbele. Nilipotafuta mkanda, nikakuta kichuma kimechomekwa peke yake kwenye kifungio ili kengele ya mkanda inyamaze. Nikamwuliza dereva. Akanijibu, "Kijana, usiwe na wasiwasi, hii gari iko na eabegi."

Jibu hilo ndilo limenifanya niandike.

Eabegi, yaani mfuko wa hewa, ni programu ndogo iliyounganishwa na baruti. Sensa hupima jinsi gari linavyopunguza mwendo kwa ghafla. Kikompyuta kikiamua kwamba hiyo ni ajali, huwasha kemikali na gesi kuujaza mfuko. Yote hayo huchukua chini ya sehemu 1 ya 10 ya sekunde. Mfuko hutoka kwa kishindo, halafu huanza kutoa gesi papo hapo ili upokee kichwa na kifua.

Waliouunda walidhani umefunga mkanda. Hata herufi SRS zilizo kwenye usukani zinasema kwamba ni kifaa cha kuongezea, si cha kutegemea peke yake. Bila mkanda, dereva akikanyaga breki mwili unasukumwa mbele, na mfuko unakukuta uso ukiwa tayari umeukaribia. Dereva anashauriwa kukaa angalau sentimita 25 kutoka kwenye usukani. Sasa wawili kwenye kiti kimoja watazipata wapi sentimita 25? Na mtoto aliyepakatwa kiti cha mbele ndiye atakayepigwa na mfuko kwanza.

Sisi waandishi wa programu tuna kosa moja la kizembe: kufuta ujumbe wa hitilafu badala ya kurekebisha hitilafu yenyewe. Kile kichuma ni hilo hilo. Kengele imenyamaza, hatari imebaki pale pale.

Kuna na taa ya SRS kwenye dashibodi. Ukifungua swichi inapaswa kuwaka sekunde chache kisha izime. Ikibaki inawaka, mfumo una kasoro. Isipowaka kabisa, shuku kwamba kuna mtu ameikata. Magari yetu mengi huja yakiwa yametumika Japani, kwa hiyo mwenye gari aangalie pia nambari ya chesisi kwenye tovuti ya mtengenezaji. Mifuko ya kampuni ya Takata, iliyofilisika mwaka 2017, iliitwa irudishwe kwa mamilioni kwa sababu baruti yake iliharibika kwa joto na unyevu. Mingine ililipuka na kurusha vipande vya chuma.

Najua mtaniambia mafuta ni ghali, na abiria wanne hawalipi gharama. Ni kweli. Lakini mwaka 2004, sheria za Waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa, matatu zilifungwa mikanda na abiria 18 wakawa 14. Watu walilalamika, nauli zikapanda, kisha tukazoea. Tulichopoteza ni ile nia, si uwezo.

Maoni yangu ni haya. Idadi ya watu garini iwe idadi ya mikanda, basi. Anayekodi gari kupeleka vibarua kwenye chai au ndizi sokoni alipe kwa hesabu hiyo, na asikubali dereva mwenye kichuma kwenye kifungio. Tajiri wa gari asidai hesabu ya jioni ambayo haiwezi kupatikana ila kwa kubeba tisa.

Nami nakiri: siku ile sikushuka. Mvua ilikuwa inanyesha na nilikuwa nimechelewa. Kila mmoja wetu tisa alikuwa na sababu yake kama hiyo.

Safari njema, na funga mkanda.