Mkono Usioweza Kuukata

Wahenga walinena kwamba mkono usioweza kuukata, ubusu. Ni methali inayopendwa sana na watahini, na sisi walimu tumeizoea kiasi kwamba maana yake twaitoa hata kabla ya mwanafunzi kumaliza kuuliza: mnyonge akiona hamwezi mwenye nguvu, na amnyenyekee ili aishi. Sina ujeuri wa kuwasahihisha wahenga. Hata hivyo, ipo filamu moja fupi ambayo kila niitazamapo hunifanya niitilie shaka methali hii. Si kwamba yasema uongo. Ni kwamba yatupa njia mbili tu, kukata au kubusu, kana kwamba mtu hana jambo la tatu la kufanya kwa mikono yake mwenyewe.

Filamu hiyo yaitwa Ruka. (Msomaji wa Kiswahili asidanganywe na masikio: kwa lugha ya Kicheki neno hilo halihusiani na kuruka, maana yake ni mkono.) Ilitengenezwa mwaka 1965 mjini Praha, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Czechoslovakia, na msanii Jiří Trnka. Ina urefu wa takriban dakika 18, na ndani yake hamna neno hata moja linalotamkwa. Mhusika mkuu si mtu bali ni karagosi, sanamu ndogo ya mchezo inayosogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja baada ya nyingine, hata zikiunganishwa aonekane anatembea.

Karagosi huyo ni mfinyanzi. Anaishi peke yake katika chumba kimoja, na mali yake ni gurudumu la kufinyangia, udongo, kitanda na mche mmoja wa waridi. Kazi yake ni kuufinyangia mche huo chungu. Haonekani kutaka makuu. Anaamka, anaunywesha maji mche wake, anaketi kwenye gurudumu.

Kisha Mkono wabisha hodi. Huu si wa karagosi. Ni mkono wa binadamu halisi, mkubwa kumshinda mfinyanzi mzima, umevaa glavu nyeupe. Wauchukua udongo wake na kuugeuza kuwa sanamu ya mkono unaonyoosha kidole. Mfinyanzi, bila hasira, auchukua udongo ule ule na kuurudisha kuwa chungu. Mkono warudi, sasa kwa adabu na zawadi, kwa kuwa nao wajua kwamba mkono mtupu haulambwi. Wampigia simu. Wamletea televisheni inayoonyesha mikono mashuhuri ya historia, ukiwamo ule unaoshika mizani ya haki na ule unaoinua mwenge wa uhuru. Wajaribu hata kumtongoza. Yote yanaposhindikana, wamkamata, wamtia katika kizimba cha dhahabu, wamfunga nyuzi mikononi na miguuni, na hapo ndipo mfinyanzi, akivutwa huku na huku, achonga sanamu kubwa ya mkono kwa jiwe. Avikwa nishani na taji la majani.

Ajinasua. Akimbilia chumbani mwake na kuziba mlango na dirisha kwa hofu. Chungu chenye waridi, kilichokuwa juu ya kabati, chaanguka na kumpiga kichwani, naye afa. Mkono wafika tena, umlaze kwa heshima zote, mishumaa iwake, nishani zipangwe, na mwisho wampigia saluti marehemu kana kwamba alikuwa mtumishi wake mwaminifu tangu siku ya kwanza.

Nimekisimulia kisa chote kwa makusudi, maana utamu wa filamu hii hauko katika kutojua mwisho wake. Uko katika kuutazama mwisho huo na kuuelewa, na hapa ndipo ninapoona sisi walimu wa fasihi tunavyoweza kupotoka. Swali linalotujia mdomoni upesi ni hili: Mkono ni nani? Na jibu liko tayari: ni Stalin, ni chama cha kikomunisti kilichotwaa nchi ile Februari 1948, ni udikteta. Mwanafunzi aandika, apata alama zake, na jazanda yote yafungwa kama kitabu kilichokwisha kusomwa. Jibu hilo si la makosa. Lakini tuitazame tena televisheni ile. Mkono unaoitisha sanamu yake unajihesabu pia kuwa ndio mkono wa haki na mkono wa uhuru. Hakuna mwonevu aliyewahi kubisha hodi akajitambulisha kwa jina hilo.

Lipo swali lililo bora zaidi, nalo lamhusu mfinyanzi: kwa nini alikataa? Tutafute tutakavyo, hatutaona ishara yoyote kwamba alikuwa na itikadi ya kupinga chochote. Hakuandika waraka, hakukusanya watu, wala hakuunyanyulia Mkono nyundo kwa lengo la kuupindua. Alikataa kwa sababu waridi halipandwi katika sanamu ya mkono. Waridi lahitaji chungu. Kazi yake ilikuwa na maana yake yenyewe, na maana hiyo haikumpa nafasi ya kumtii mgeni. Hakuukata mkono, maana hakuweza. Hakuubusu pia. Alirudi kwenye gurudumu lake akafinyanga chungu kingine. Hiyo ndiyo njia ya tatu ambayo methali yetu haikuitaja, na nadhani ndiyo inayowatia watawala wa aina ile wasiwasi kuliko uasi wa waziwazi. Muasi wamjua la kumfanya. Utamfanya nini mtu anayekufinyangia vyungu?

Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko lugha nyingi. Neno karagosi kwetu lina sura mbili: ni sanamu ya mchezo, na ni mtu anayetumiwa na wengine kwa manufaa yao. Trnka alimtwaa karagosi wa maana ya kwanza, akasimulia jinsi alivyokataa kuwa karagosi wa maana ya pili. Na alijua uzito wa mzaha huo, kwani karagosi huyo hakuwa na uwezo wa kusogea hata unywele bila mkono wa binadamu. Uso wake haubadiliki; umechorwa mara moja tu. Huzuni na furaha tunazoziona zatokana na mwanga, na jinsi kichwa kinavyoinama.

Tusidhani kwamba Trnka alikuwa akibuni mambo ya mbali. Mnamo Mei 1, 1955, katika kilima cha Letná, juu ya mto Vltava, lilizinduliwa sanamu la jiwe la Stalin lenye kimo cha mita 15.5. Aliyelibuni, mchongaji Otakar Švec, alijiua kabla ya siku ya uzinduzi. Mwaka 1956 Khrushchev alimshutumu Stalin katika kikao cha faragha mjini Moscow, na mwaka 1962 sanamu lile likalipuliwa kwa baruti. Miaka mitatu baadaye, katika mji uo huo, ikatengenezwa filamu juu ya msanii anayelazimishwa kuchonga jiwe kubwa kwa ajili ya mwenye nguvu. Mtazamaji wa Praha hakuhitaji kufafanuliwa.

Kuna jambo jingine ambalo walimu watalipenda. Trnka alizaliwa Plzeň mwaka 1912, na aliyemfungulia njia ya sanaa hii alikuwa mwalimu wake wa uchoraji shuleni, Josef Skupa, ambaye pia alikuwa bingwa wa maigizo ya karagosi. Skupa alifungwa na Wanazi mwaka 1944 wakati nchi yake ilipokuwa chini ya Ujerumani. Kwa hiyo mwanafunzi alirithi kwa mwalimu ufundi, na pamoja na ufundi alirithi elimu ya kwamba sanamu ya mti yaweza kumtia mtu gerezani.

Lakini nisimfanye Trnka malaika. Sinema zote za nchi ile zilikuwa mali ya serikali tangu 1945, na studio yake ililipiwa na serikali hiyo hiyo. Mwaka 1963 alitunukiwa heshima ya Msanii wa Taifa. Waswahili husema mfinyanzi hulia gaeni. Mfinyanzi huyu hakulia gaeni hata kidogo. Nishani alizomvika karagosi wake alizijua kwa kuzivaa. Wapo watakaosema kwamba hilo lampunguzia haki ya kunena. Mimi naona kinyume. Anayeijua dhahabu ya kizimba ndiye awezaye kutwambia kwamba ni kizimba, na filamu hii haina dalili ya mtu anayejitenga na kuwacheka wanaopokea zawadi.

Nasi tusiwacheke. Walimu wa makamo wanaikumbuka miaka ya 1980 katika nchi hii, wakati kwaya za shule zilipofanyishwa mazoezi ya nyimbo za kumsifu Rais Moi kwa ajili ya sikukuu za kitaifa. Mwaka 1988, kuadhimisha miaka kumi ya utawala wake, ulijengwa mnara wa Nyayo katika bustani ya Central Park jijini Nairobi, nao una mkono ulioshika rungu ukichomoza kileleni mwa Mlima Kenya. Sisemi kwamba Kenya ilikuwa Czechoslovakia. Haikuwa, na mwanafunzi anayezilinganisha nchi hizi mbili ahesabu tofauti kabla ya mfanano. Nasema tu kwamba mkono wa jiwe si kitu cha kigeni machoni petu, na kwamba walioimba wengi wao walibusu ili waishi, wakalea watoto, wakafundisha. Methali ina haki yake.

Msomaji mkali atauliza: faida yake nini basi ukaidi wa mfinyanzi? Alikufa, Mkono ukabaki mzima bila hata mkwaruzo. Tena hakufa kwa kupigwa. Alikufa kwa chungu chake mwenyewe, katika chumba alichokiziba kwa woga. Ni kweli, na nadhani hiki ndicho kinaya kichungu kuliko vyote katika filamu. Utawala wa hofu hauhitaji kumgusa kila mtu. Wapo wanaokufa wakikomea milango yao. Trnka hakutuficha hilo wala hakulipamba.

Hata hivyo, kama mfinyanzi alishindwa kabisa, mazishi yale ni ya nini? Mkono ungeliweza kumwacha sakafuni penye vigae. Badala yake watumia muda, mishumaa, nishani na saluti kumgeuza mkaidi kuwa shujaa wake. Kitu ulichokikosa kwa zawadi na kwa nyuzi, yaani kubusiwa, wakighushi kwa maiti. Aliyeshinda hahitaji kughushi. Ndiyo maana sikubaliani na wanaoiita filamu hii ya kukata tamaa. Ni filamu ya majonzi, naam, lakini yamwonyesha mwenye nguvu akiwa na njaa isiyoshibishwa na nguvu zake.

Yaliyofuata yanashangaza. Agosti 1968 majeshi ya Muungano wa Kisovieti na washirika wake yaliingia Czechoslovakia na kuukomesha ulegezaji ulioanza mwaka huo. Mwishoni mwa 1969 Trnka alifariki akiwa na umri wa miaka 57, akazikwa Plzeň kwa mazishi makubwa yaliyohudhuriwa na umati. Miezi michache baadaye filamu yake ikapigwa marufuku. Nakala zikakusanywa na askari wa usalama, zikafungiwa kwa muda wa takriban miaka 20. Alipokuwa hai waliiacha ionyeshwe. Walipokwisha kumzika, wakaikamata.

Utawala ule uliporomoka Novemba 1989, na siku hizi filamu yapatikana kwenye intaneti. Haina maneno, hivyo haihitaji kutafsiriwa kwa Kiswahili wala kwa Kiingereza, na mwanafunzi wa Turkana ataielewa sawasawa na yule wa Mombasa. Kipindi cha shule ya upili ni dakika 40. Ukiitoa filamu, zabaki dakika 22 za mjadala. Ningemwomba mwalimu asizitumie kuuliza Mkono ni nani, kwa kuwa darasa litajibu kwa sauti moja na kunyamaza. Awaulize kwa nini Mkono ulimpigia saluti, kisha asubiri, hata kama kimya kitakuwa kirefu.