Otesha Miche Yako Nyumbani

Ndugu mkulima, mvua zikikaribia utaona miche ya nyanya ikiuzwa sokoni, imefungwa mafungu mafungu, mizizi wazi. Bei yake ni ndogo na wengi huikimbilia. Mimi nasema miche hiyo ni ghali sana, na sababu ni hii.

Mizizi huja na udongo wa kwao. Ikiwa udongo huo una mnyauko wa bakteria, umeuingiza shambani kwa mkono wako mwenyewe. Nyanya zitanyauka majani yakiwa bado mabichi, na ugonjwa utabaki ardhini miaka mingi, ukingojea viazi, biringanya na pilipili. Hakuna dawa ya kunyunyiza itakayouponya. Ukitaka kuutambua, kata shina la nyanya iliyonyauka, ulining'inize katika gilasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka shinani, ndio huo.

Basi tengeneza kitalu chako. Chagua mahali penye jua, karibu na maji, ambapo hapakupandwa nyanya, viazi wala biringanya kwa muda wa miaka 3. Tuta liwe na upana wa mita 1, upate kupalilia bila kulikanyaga. Changanya samadi iliyooza kabisa. Mistari iachane sentimita 15, na mbegu ifukiwe sentimita 1 tu. Nunua mbegu ya pakiti yenye lebo ya KEPHIS.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi: humwaga mbegu kama chumvi, kisha hutia maji asubuhi, mchana na jioni. Miche iliyosongamana katika unyevu huoza shingo, ikalala chini kwa usiku mmoja. Ipunguze, hata kama roho inauma. Nyasi ulizofunika uziondoe mara tu mbegu zinapochipua, uweke kichanja chepesi cha kivuli. Siku 7 za mwisho punguza maji na uondoe kivuli, miche izoee jua la shambani. Baada ya wiki 4 hadi 6 shina litakuwa nene kama penseli, pandikiza jioni.

Sisemi kwamba wauzaji wote ni wabaya. Wako wanaootesha katika trei, kwa udongo safi, na miche yao ni mizuri. Mwombe muuzaji akuonyeshe kitalu chake. Akikataa, mshukuru, uende zako.