Katrina: Amri ya kuhama haikuwafaa wasio na gari

KIMBUNGA Katrina kilipokaribia jiji la New Orleans, Marekani, mnamo Agosti 2005, meya aliamuru wakazi wote wahame. Amri hiyo ilitolewa Agosti 28, siku moja tu kabla ya dhoruba kutua. Wenye magari waliondoka. Familia nyingi maskini, zisizo na gari wala nauli, zilisalia nyumbani.

Kuta za kuzuia maji zilipobomoka, takriban asilimia 80 ya jiji ilifurika. Kuna waliokwea darini na watoto wao, wakatoboa paa ili waokoaji wawaone. Wengine, hasa wazee, walifia majumbani mwao.

Hapo ndipo penye funzo. Tahadhari isiyoandamana na usafiri humwokoa mwenye nacho, na kumwacha mnyonge akiyangoja maji mlangoni.