TAHARIRI: Jiwe la ghalani na majina mawili



Tangu mkutano wa mwezi uliopita maneno yamekuwa mengi, kisimani, kilabuni, mpaka kwenye foleni ya kupimia kahawa. Wapo wanaouliza ushirika unahusikaje na askari aliyekufa baharini mwaka 1944. Na wapo wanaokubali jiwe liwekwe kwenye ukuta wa ghala, ila wanagombania jina la kuandikwa. Gazeti hili limeona lisinyamaze.

Kwanza tuelezane, maana vijana wengi habari yenyewe hawaijui. Kijana yule wa kitongoji cha juu aliingia jeshi la Mwingereza wakati wa Vita vya Pili, akapangwa kwenye mizinga, kikosi cha 301 cha Afrika Mashariki. Februari 1944 kikosi kilipanda meli Mombasa, jina lake Khedive Ismail, kwenda Colombo, katika nchi ambayo siku hizi ni Sri Lanka. Mwaka ule vijana wa Afrika Mashariki walikuwa wakipelekwa kupigana na Wajapani huko Burma. Hawa wa kwetu hawakufika. Jumamosi tarehe 12 Februari, mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga meli yao kwa topido. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Dakika mbili, ndugu zangu! Mtu hajamaliza kushona mdomo wa gunia. Ndani walikuwemo watu 1,511, na waliokufa ni 1,297, wakiwemo wauguzi wanawake. Wa kikosi cha mizinga peke yao walizidi 600.

Yaliyofuata ndiyo wazee walikuwa wakiyasimulia kwa sauti ya chini. Nyambizi ilijificha palepale chini ya watu waliokuwa wakielea. Manowari za Waingereza zilizosindikiza msafara zikatupa mabomu ya majini juu yake, na watu wangali majini. Kwa hiyo wako walioiponyoka meli wakauawa na mabomu ya upande wao wenyewe. Nyambizi nayo ilizamishwa baadaye. Nahodha aliyetoa amri alikuwa na meli nyingine za kulinda, zimejaa watu. Hatumhukumu tukiwa tumekaa kivulini. Lakini asije mtu akatuambia hii ni hadithi ya kilabuni. Ni kweli tupu, na imeandikwa vitabuni.

Kijana wetu alikuwa na miaka ishirini hivi. Barua ya serikali ilipita kwa jumbe, ikasema amepotea baharini. Baba yake hakuikubali. Hakuna aliyeona maiti, hakuna kaburi, basi atarudi. Alipowagawia wanawe shamba, fungu la kijana yule aliliacha wazi, na kila mwaka akalilima mwenyewe lisiingie magugu. Mzee akafa akingoja.

Fungu lile la shamba liko wapi leo? Liko hapa unaposimama kusoma gazeti hili. Ghala letu limejengwa juu yake. Ukoo ulilitoa kwa ushirika bila kudai hata senti. Vyama vya ushirika vikavunjwa mwaka 1976, vikarudi baada ya sheria ya mwaka 1982, na muda wote ule hakuna mtu wa ukoo huo aliyekuja kupima hatua akisema hapa ni petu. Basi anayeuliza ushirika unahusikaje, na aangalie chini ya miguu yake.

Yupo mjumbe mmoja, tunamheshimu, aliyesema vile vilikuwa vita vya wakoloni, visitugharimu saruji. Vita havikuwa vyetu, hilo hatubishani. Ila kijana alikuwa wetu. Tukimwacha kwa sababu waliompeleka walikuwa wakoloni, tutakuwa tumefanya kazi ileile waliyoifanya wao. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri yenyewe kwamba katika Vita vya Kwanza watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Humo wamo wapagazi wa pande zetu hizi. Desemba 2017 wanajeshi wetu wasiopungua 14 walipouawa Kongo wakilinda amani, tuliwalilia kwa majina na miili ilirudi kwao ikazikwa. Huyu naye alikuwa na mama.

Sasa jina. Karani wa jeshi aliandika alivyosikia, akaweka jina la babu mahali pa jina la baba, na herufi mbili zikapinduka. Ndilo jina lililo kwenye ile karatasi iliyohifadhiwa sandukuni. Wajukuu wa kaka yake wanasema hilo si jina, ni kosa, liandikwe alilopewa na bibi yake. Wengine wanasema tukiacha la jeshini, mtu akienda Nairobi kwenye ule ukuta wa kumbukumbu, ambako waliopotea na meli ile wanakumbukwa, atamtafutaje? Pande zote mbili zina haki. Rai yetu ni yaandikwe yote mawili: la nyumbani juu, kwa herufi kubwa, na la jeshini chini yake. Jiwe lina nafasi, na fundi halipwi kwa herufi.

Mkutano ni Jumamosi hii, saa tisa alasiri, hapahapa ghalani. Fundi anataka mfuko mmoja wa saruji na siku mbili za kazi. Mchanga na maji tutabeba wenyewe. Na kila mwenye mtu wake aliyekwenda vitani kutoka kijiji hiki, asiyerudi au aliyerudi kilema, alete jina kwa katibu kabla ya Ijumaa jioni. Asiyejua kuandika aje alitamke, ataandikiwa, kisha asomewe mara mbili.

Mhariri