Kisu cha Mtoto Kimenolewa na Mkubwa

Jumapili iliyopita, katika kanisa moja la mji huu wa Nakuru, mhubiri mwenye sauti kubwa, na mwenye ilimu ya kutosha kumzuia asiseme alilolisema, aliwaambia waumini kwamba mvulana wa miaka 13 anayeua hana tofauti na mzee wa miaka 50 anayeua. Kwamba Sheria ya Watoto ya 2022, iliyopandisha umri wa kushtakiwa kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12, ni sheria ya kufuga wauaji. Na kwamba dawa ya watoto wa namna hiyo ni viboko, na viboko visipofaa, ni kamba. Waumini wakaitikia amina. Amina ile ilinikera kuliko mahubiri yenyewe, maana mhubiri ni mtu mmoja, lakini amina ya halaiki ni itikadi ya mji mzima, nami nimeisikia itikadi hiyo batili katika matatu za Kaptembwo, katika vibanda vya Free Area, na hata vinywani mwa walimu ambao wangepaswa kuwa wa kwanza kuikana.

Sidharau machozi ya waliofiwa. Wanawake walipouawa majumbani mwao huko Mawanga mwezi Juni 2022, na jina la genge la Confirm likawa gumzo la kila baraza, hapakuwa na mzazi katika mji huu aliyelala bila kukagua komeo la mlango wake mara ya pili. Ghadhabu ile ilikuwa halali. Lakini ghadhabu halali yaweza kuelekezwa pasipo halali, na hivyo ndivyo ilivyokuwa, kwani tangu siku hizo kila mvulana mwembamba wa Rhonda au Bondeni anayetembea na wenzake watatu jioni ameshahukumiwa kabla hajafungua mdomo.

Swali langu ni moja, nami nitalirudia mpaka lichoshe: nani aliyemtuma? Mvulana wa miaka 13 anaponyakua simu karibu na stendi, haziki simu ile ardhini ikaota pesa. Yupo mtu mzima mwenye duka anayeinunua kwa bei ya kutupa, yupo mtu mzima anayeifungua na kuifuta kumbukumbu zake, yupo mtu mzima anayetumia laini yake kumwibia mwenye simu akiba ya M-Pesa kabla hajafika polisi kuandikisha. Mnyororo huo wote una ndevu, ila pete ya mwisho, na sisi tunaikamata pete ya mwisho, tunaifunga, kisha tunajipongeza kwamba sheria imechukua mkondo wake. Panga halijipeleki shambani. Anayelichoma panga moto na kumwacha mkulima aende zake, kesho ataliona panga jingine mkononi mwa mkulima yule yule.

Niliwahi kumwona mtoto mmoja katika ukumbi wa mahakama moja ya Bonde la Ufa. Alivaa sweta la shule lililotoboka viwiko, na pingu aliyofungwa ilikuwa kubwa hata ikateremka mpaka vidoleni kila aliposhusha mkono, naye akawa anaishikilia isidondoke, kana kwamba ni kosa jingine atakaloongezewa. Pembeni yake alikaa mama yake na kikapu cha sukuma wiki. Baba hakuwapo, wala mwenye duka aliyenunua mali, wala kijana mkubwa aliyempa kisu. Nikajiuliza nani aliyemtuma, na katika faili lote lililosomwa asubuhi ile swali hilo halikuulizwa hata mara moja.

Wapo wanaojibu, na jibu lao ni hafifu kiasi cha kutia huzuni: “Sisi tulichapwa, na hatukuwa wauaji.” Kweli? Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Basi na waniambie, ni kizazi gani kilichochoma nyumba za majirani huko Molo na Olenguruone mwaka 1992, Njoro mwaka 1998, na hapa hapa Nakuru mwezi Januari 2008, mwezi ambao kule Naivasha nyumba moja iliteketezwa na watu 19 wakafia ndani yake? Ni kizazi kilichochapwa barabara, kikachapwa gwarideni na kikachapwa ofisini. Wale wavulana wa shule ya St. Kizito waliovamia bweni Julai 1991 wakasababisha vifo vya wasichana 19, na wale waliowachoma viranja wanne wa Shule ya Upili ya Nyeri mwaka 1999, wote walisoma chini ya fimbo. Hata hivyo shule zilipoteketea tena mwaka 2021, Waziri wa Elimu wa wakati ule, marehemu Profesa George Magoha, alitaka fimbo irudi, na Idara ya Upelelezi ikatangaza kwamba doa la mwanafunzi litabaki katika cheti chake cha tabia njema. Mtoto wa miaka 14 anyimwe kazi akiwa na miaka 30, kisha tushangae akirudi katika genge lililokuwa tayari kumwajiri!

Na tukitaja makosa makubwa, tuyataje yote. Februari 2019, watoto wa mitaani wa Nakuru, ambao wengi wetu tunawaita chokoraa bila haya, walisombwa na kwenda kutupwa katika msitu wa Chemususu, Baringo, kwenye baridi, bila chakula. Mwaka 2018 bwawa lilipasuka Solai, zaidi ya watu 40 wakafa, na kesi yake ikaburutwa miaka na miaka. Sikusikia mhubiri yeyote akiwatakia kamba watu wazima wa visa hivyo. Insafu inayomwona mtoto wa chini na kumpofukia mkubwa wa juu ni dhulma iliyovaa joho.

Hata serikali ya kikoloni, ambayo sina sababu ya kuisifu, ilitambua jambo hili. Katikati ya miaka ya 1950 iliwatoa katika kambi ya kizuizini ya Manyani wavulana waliotuhumiwa kula kiapo cha Mau Mau, ikawatenga na watu wazima katika kambi ya Wamumu, wakafundishwa kusoma na ufundi na walezi akiwamo Geoffrey Griffin, ambaye mwaka 1959, pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, alianzisha shule ya Starehe. Je, sisi tulio huru tuwe wakali kwa watoto wetu kuliko mkoloni? Waislamu wa Bondeni hufundishwa kwamba mtoto hana taklifu, yaani habebeshwi wajibu wa sheria, mpaka abaleghe. Katiba yetu, katika kifungu cha 53, inaamuru mtoto asizuiliwe ila iwe ndiyo njia ya mwisho, kwa muda mfupi iwezekanavyo, na mbali na watu wazima. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha ule utaratibu wa kumfunga mtoto aliyeua kwa muda apendao Rais, utaratibu uliowafanya watu waliohukumiwa utotoni wazeeke gerezani bila kuijua siku ya kutoka. Wala sheria ya 2022 haikumfungulia mlango muuaji: aliyetimiza miaka 12 aweza kushtakiwa, na aliye kati ya 12 na 14 hudhaniwa kuwa hana uwezo wa kupambanua jema na baya mpaka upande wa mashtaka uthibitishe kinyume. Mhubiri angeisoma kabla ya kuilaani.

Simwombei mtoto aliyeua arudi nyumbani kesho kucheza mpira. Apelekwe katika shule ya urekebishaji, na akiwa mkubwa kidogo katika vituo vya kurekebisha vijana vya Shikusa au Shimo la Tewa, afunzwe, asimamiwe, na jamaa za marehemu wasikilizwe kwa heshima iliyo haki yao. Lakini ninadai hili kwa polisi na waendesha mashtaka wa Nakuru: kila faili lenye jina la mtoto liwe na jina la mkubwa aliyempa silaha, aliyenunua mali yake au aliyemtelekeza, na mkubwa huyo asimame kizimbani. Mpaka atakapopatikana, mtu asitwambie kwamba kesi imekwisha.